Vibuyu Vilivyokwisha Kuahidiwa

Wenzangu wa Roret, na ninyi vijana mnaopita hapa kila asubuhi na vitabu vya Biashara kwapani, naomba mnisikilize. Yaliyompata Chepngeno mnayajua nusu, na hiyo nusu yenyewe mmekwisha kuitia chumvi. Mimi ni jirani yake, ua tu ndio unaotutenga. Niliyoyaona nitawaambia, na nisiyoyaona nitawaambia pia, kwa sababu mwenye kosa aliyaeleza kwa kinywa chake mbele ya watu.

Asubuhi ya kawaida katika boma lile ilipendeza. Ukungu bado umelala juu ya majani chai, ng'ombe wanatafuna, na Chepngeno ameketi nyuma ya jiko na kibuyu mapajani. Anatia ndani kaa la moto la mti wa senetwet, analisaga kwa ufito mpaka ukuta wote wa ndani uwe mweusi na harufu yake itufikie hata sisi majirani. Kisha anamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, anafunga, anakiweka gizani, na anasubiri. Kazi yake kubwa ilikuwa hiyo ya kusubiri. Wengine wakiharakisha mursik, maziwa hayo ya kuganda kibuyuni, ili wawahi soko, yeye alikuwa akiwaambia wateja, "Bado. Rudi Alhamisi." Nao walirudi.

Kwa hiyo jina lake lilienea. Mtu akiwa na koito, siku ile wageni wa upande wa kijana wanapokuja kukubaliana mahari na kunywa pamoja na wakwe zao, alikwenda kwa Chepngeno hata kabla ya kutafuta hema na viti. Ilikuwa ni kama koito bila mursik yake haijakamilika.

Mumewe ni Robert. Msije mkafikiri nitawaletea habari za mlevi, maana Robert hanywi, havuti, na shamba lake la chai limepogolewa vizuri kuliko langu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: watu walimwita "bwana ya Mama Mursik". Akishusha gunia lake kwenye kituo cha kuuzia majani, atatokea mmoja na kumuuliza, "Robert, leo umepewa ruhusa utoke?" Wote watacheka. Robert naye atacheka, lakini kwa meno tu. Sisi tuliona ni utani. Utani wa kila siku humchubua mtu, na sisi tuliochubua hatukuwahi kujiuliza.

Binti yao Tecla yuko kidato cha tatu. Jioni alikuwa akisoma madokezo yake ya Biashara kwa sauti karibu na jiko: mtaji ni nini, mteja ni nani, mjasiriamali ni mtu anayeona nafasi na kuthubutu. Robert alilipenda sana hilo neno la kuthubutu. Tecla alipofika kwenye sura ya kumtunza mteja, baba alikuwa ameshasinzia.

Sasa msimu wa mvua ndefu, Kipkemboi wa ng'ambo ya mto alikuja kuagiza mursik ya koito ya binti yake Chepkurui. Alivua kofia akaongea kwa adabu, kwa sababu wageni walikuwa wakitoka Soin na alitaka mambo yawe sawa. Chepngeno alichagua vibuyu vyake bora, viwili kati yao alivirithi kwa marehemu mama yake, akavijaza, akavifunga shingoni kwa uzi mwekundu na kuvipanga stoo kwenye ubao wa juu. Ilibaki tu kusubiri siku ya koito.

Wakati huo simu ikaja kutoka Londiani. Dada yake amejifungua kwa upasuaji na hana mtu wa kumsaidia. Chepngeno akafunga nguo zake. Kabla ya kuondoka alimpeleka mumewe stoo.

"Baba Tecla, hii yenye uzi nyekundu ni ya Kipkemboi. Usiguse. Mtu mwingine akikuja, mwambie nitarudi."

"Hata kufungua sitafungua," Robert akasema. Na wakati anasema, ndugu zangu, naamini alimaanisha.

Hazikupita siku mbili, gari likasimama barabarani. Akashuka mwanamume mmoja aitwaye Omariba, mwenye hoteli mjini Kericho. Alikuwa na wageni wakubwa kesho yake, na alikuwa ameambiwa kwamba mursik ya kweli iko boma hili.

"Nataka yote iko," akasema.

"Mwenyewe hayuko," Robert akajibu.

Omariba akamtazama, akatazama nyumba, akatazama ng'ombe. "Kumbe wewe si mwenyewe?"

Yule mgeni hakuwa na ubaya. Aliuliza kama mtu yeyote anayetafuta bidhaa. Lakini swali lilimkuta Robert mahali penye kidonda, na jibu likatoka kabla hajalifikiria.

"Mimi ndiye mwenyewe."

Ukishasema wewe ndiye mwenyewe, huwezi tena kusema kwamba vibuyu vya juu haviguswi. Walimimina mursik ya Chepngeno kwenye mitungi ya Omariba, yote iliyokuwa kwenye ubao wa juu. Omariba alilipa vizuri bila kuvutana bei. Robert alibaki stoo na vibuyu vitupu na nyuzi nyekundu mkononi, na hakuwa na hofu hata kidogo. Siku za kutosha zilikuwepo. Maziwa yapo, makaa yapo, na kazi hii ameitazama tangu aoe. Angevijaza upya, Kipkemboi angepata vyake, na mke akirudi angekuta pesa mezani na mume ambaye hakuna atakayethubutu kumcheka kituoni. Hivyo ndivyo alivyopiga hesabu, na penye hesabu hiyo hapakuwa na nafasi ya ng'ombe kuugua.

Ng'ombe akaugua. Yule mkubwa, mwenye maziwa mengi, kiwele kilivimba kikawa cha moto. Daktari wa mifugo akaja, akamdunga sindano na kuacha dawa nyingine ya kuendelea nayo. Alisema wazi, "Mzee, maziwa ya huyu mwaga mpaka nikuambie. Ya kunywa na ya kuuza, yote mwaga."

Ng'ombe wa pili alikuwa anakaribia kukauka maziwa. Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa na maziwa. Jirani wa juu alikuwa na maziwa. Angepiga hodi tu, angepata. Lakini ningemuuliza, "Kwani vibuyu vya Kipkemboi viko wapi?" na hilo swali hakulitaka. Angeweza pia kumpigia Kipkemboi na kumwambia, "Mzee, kumetokea shida, tafuta kwingine." Hilo nalo hakulitaka. Akachukua yale maziwa ya sindano, akayachemsha, akajifariji kwamba moto huua kila kitu, na akajaza vibuyu.

Maziwa hayakuganda. Ile dawa inayoua ugonjwa kwenye kiwele huua pia kile kinachogandisha mursik. Kila Robert alipofungua, alikuta maji meupe yenye harufu ya ajabu ambayo si ya mursik wala si ya maziwa. Siku ya mwisho kabla ya koito alikwenda sokoni akanunua ndimu. Akazikamua ndani, maziwa yakakatika mabonge, akasaga mkaa mwingi kupita kiasi ili rangi ifiche. Akafunga nyuzi nyekundu kama zilivyokuwa. Kipkemboi alipoleta pikapu asubuhi, Tecla ndiye aliyesaidia kubeba, akivishika vibuyu kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na mama yake.

Tufike kwa Kipkemboi. Wageni wa Soin wamekaa, wazee mbele, maneno matamu yamesemwa. Mzee wa upande wa kijana, mjomba wake, akapewa kikombe cha kwanza. Akaonja.

Ninyi mnajua, na asiyejua ajue leo: hakuna mgeni anayetema mursik ya wakwe. Kuikataa ni kama kumkataa binti. Yule mzee aliujua ubaya wake ulimini, na akanywa mpaka chini, akafuta midomo na kushukuru. Wenzake walipoona mkubwa wao amemaliza, wakanywa. Watu wa Kipkemboi nao walionja, wakatazamana, kisha wakanywa, maana nani angekuwa wa kwanza kusema mbele ya wageni? Boma zima lilikunywa uchafu kwa heshima. Pengine hakuna watu wengine duniani wanaoweza kuumizwa namna hiyo.

Kabla hawajafika Soin, gari lilisimama mara nyingi kando ya mashamba ya chai, na sitawaeleza kwa nini. Mjomba akalazwa hospitali akiwa na dripu mkononi. Alipopata nafuu, wakwe wakatuma neno kwamba wamelishwa kitu kibaya kwa dharau, na mazungumzo yamesimama. Chepkurui, ambaye alikuwa ameshashonewa nguo, alijifungia kwao. Hata kanisani hakuonekana.

Chepngeno alirudi kutoka Londiani na mzigo wa viazi mgongoni, akamkuta Kipkemboi amesimama langoni. Alimkaribisha aketi. Hakuketi.

"Mama Tecla, mimi nilikukosea wapi?"

"Mzee, sijaelewa."

Akamweleza yote. Hata mjomba na dripu hakumficha. Chepngeno aliweka mzigo chini polepole.

"Ni mkono yangu," akasema. "Ile mursik nilitengeneza mwenyewe, nikaifunga mwenyewe. Sijui nilikosea wapi, lakini ni mkono yangu. Nisamehe, mzee."

Robert alikuwa pale pale kwenye rundo la kuni, shoka mkononi. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua nikianika nguo, nikamwona amefungua mdomo. Kisha akaufunga. Baadaye alituambia kwamba moyoni alisema, "Kipkemboi akiondoka, nitamweleza mke wangu." Kipkemboi akaondoka. Akasema, "Nitamweleza usiku." Usiku mkewe alilia, akaona akisema sasa atamwongezea. Akasema kesho. Ndugu zangu, kesho ya namna hiyo haijawahi kufika kwa mtu yeyote.

Chepngeno alichukua kondoo wake mwenyewe, si wa mumewe, akampeleka kwa Kipkemboi kuomba radhi. Wateja wakaanza kupungua. Hawakumtukana. Walipita tu upande wa pili wa soko, na aliyekuwa ameagiza akapiga simu kusema sherehe imeahirishwa. Mama wa watu akakaa nyuma ya jiko akitafuta kosa lake. Alibadilisha mkaa. Alikata majani mapya ya kulisha ng'ombe. Alijaza kibuyu, akasubiri, akaonja, akakuta ni nzuri, na bado hakuamini. Alinipa hata mimi nionje. Nikamwambia ni nzuri. Akasema, "Unanihurumia."

Mwishowe akaamua kwamba kosa liko kwenye vibuyu. Akatoa vile viwili vya mama yake, vilivyokuwa vimerudishwa kutoka kwa Kipkemboi, vyeusi kwa miaka ya moshi, akamwita mumewe.

"Baba Tecla, hizi zimezeeka. Nafikiri zimeshika kitu ndani. Nipasulie. Mimi mwenyewe siwezi."

Robert akavipasua. Alikuwa na nafasi ya kusema, shoka likiwa bado juu, na hakusema. Vipande vikatiwa jikoni. Chepngeno akageuza uso mpaka vilipokwisha kuungua.

Tangu siku hiyo Robert akawa mume mwema kupita waume wote wa Roret. Aliamka kuchota maji. Alisugua sufuria. Zile pesa za Omariba, ambazo zilikuwa zimefichwa ndani ya buti la mvua, alizitumia kumnunulia mkewe vibuyu vipya. Wamama wa kanisa wakamtaja kwenye mkutano wao: tazameni Robert anavyomshika mkono mke wake wakati wa shida, waume wengine waige. Chepngeno akasimama akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Robert, aliyekuwa amemsindikiza na kuketi kiti cha nyuma, alitoka nje akasema ni kikohozi.

Hatia ilimla. Akichuma majani chai alikuwa anasimama katikati ya mistari, kikapu mgongoni, mikono imelegea, hata tukamuuliza kama anaumwa. Kila wema aliomtendea mkewe ulikuwa unamrudia na shukrani, na kila shukrani ilimchoma. Sasa alikuwa na makosa mawili. La kwanza lilikuwa la siku moja. La pili, la kunyamaza, alilitenda upya kila alipoamka, na yeye mwenyewe alijua kwamba hilo la pili ndilo kubwa.

Hapa ndipo anapoingia mwalimu Ooko, anayefundisha Biashara shuleni kwa akina Tecla. Ni mtu wa upande wa ziwa, amekaa Roret miaka mingi hata anasalimia "chamgei" vizuri kuliko sisi. Tangu mwanzo wa muhula alikuwa amemwalika Chepngeno aje kuongea na kidato cha tatu kuhusu biashara yake. Baada ya yale mambo, Chepngeno akamwambia hawezi tena, hana biashara ya kuongea.

"Mama, kuja tu," mwalimu akasema. "Hawa watoto kila siku nawafundisha faida. Hasara hawajawahi kuiona uso. Waambie vile ilianguka."

Chepngeno akakubali, kwa sababu hakuwa mtu wa kujificha. Robert akaenda naye kumbebea vibuyu vya maonyesho. Akakaa nyuma ya darasa, karibu na mlango. Haya niliyasikia kwa mwalimu, kwa wanafunzi na kwa Robert, na wote wanasema jambo moja.

Chepngeno aliwaeleza kazi yake hatua kwa hatua. Kisha akasema, "Nilikuwa na jina. Mtu wa mbali alikuwa anakuja kwa jina tu, hata hajui nyumba. Siku moja nikalisha watu kitu mbaya. Jina ikaisha. Mwalimu anawaambia mtaji ni pesa na vyombo. Ng'ombe ninao, vibuyu ninavyo. Kastoma sina."

Msichana mmoja aitwaye Adongo akainua mkono. "Mama, tumefunzwa kila bidhaa inapita kwa hatua. Wewe uliharibikiwa hatua gani?"

"Hiyo ndiyo sijui, mtoto wangu."

Mwalimu akaona hapo pana somo. Akaandika hatua ubaoni, na wanafunzi wakaanza kuuliza. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe yupi? Yalichemshwa? Yaliganda?

"Yaliganda. Nilifungua kimoja kabla nisafiri, nikaonja, ilikuwa sawa."

Chaki ya mwalimu ikasimama. Nyagaka, kijana wa dawati la mbele, akasema kile ambacho wote walikuwa wanakifikiria. "Kama ilikuwa sawa ukisafiri, basi shida ilikuja wakati hukuwa. Nani alibaki na stoo?"

"Baba Tecla," Chepngeno akasema bila kusita. "Na huyo hawezi kugusa. Nilimwambia."

Robert alisema kwamba wakati huo alihesabu hatua za kufika mlangoni. Angeweza kunyamaza tena, kwa maana mkewe alikuwa ameshamkinga. Lakini Tecla akasimama. Machozi yalikuwa tayari.

"Ni mimi," akasema. "Mama, ni mimi. Siku ile nikibeba, kifuniko cha kimoja kililegea. Nikakirudisha na mkono, na mkono ulikuwa na mchanga. Sikuwaambia. Nimekuwa nikiogopa."

Mtoto alikuwa amebeba hilo wiki zote zile. Alikuwa akilala na kuamka nalo, akimwona mama yake amekaa nyuma ya jiko, akidhani ni yeye. Robert alisema kuona mkewe akibeba kosa lake aliweza kuvumilia, na anaona aibu kusema hivyo, lakini hapo hakuweza. Akasimama.

"Tecla, keti. Si wewe. Si mama yako." Sauti yake ilikuwa ndogo, darasa likajitahidi kusikia. "Ile mursik ya mama yako haikufika kwa Kipkemboi. Niliuzia mtu wa hoteli. Hiyo walikunywa ni mimi nilitengeneza, na maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Daktari aliniambia nimwage. Nikaweka ndimu."

Mwalimu Ooko aliweka chaki mezani. Chepngeno alimtazama mumewe, akauliza jambo moja tu.

"Na vibuyu vya mama yangu. Ulipasua ukijua?"

"Nikijua."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa bei na kuielewa. Kisha akamgeukia yule msichana. "Adongo, uliuliza ni hatua gani. Sasa umejibiwa." Akachukua leso yake, akatoka. Tecla akamfuata. Robert akabaki mbele ya watoto wa watu, na wote walikuwa wanamtazama kwa namna ambayo watoto hawapaswi kumtazama mzazi.

Siku ile ile alikwenda kwa Kipkemboi. Kipkemboi hakumpiga, alimwambia tu aende akaseme maneno hayo Soin. Akaenda Soin. Yule mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mimi nilijua na kikombe ya kwanza kwamba ni mbaya. Nilikunywa kwa heshima ya hao watu. Wewe uliuza heshima yangu." Robert alisema angependa zaidi apigwe fimbo. Alitozwa fahali, akatoa. Kituoni kwa majani alisimama juu ya ngazi ya mizani akatueleza wote, na hakuna aliyemtania. Wala mimi sikumtania, maana nilikumbuka kicheko changu mwenyewe.

Koito ilirudiwa, Chepkurui akaolewa. Wakwe walikunywa soda. Kipkemboi alimrudishia Chepngeno kondoo wake, na kidogo kidogo wateja wakaanza kurudi, wengine kwa aibu, wakisema walikuwa safarini. Wapo ambao hawajarudi hadi leo. Ukiwaambia ukweli wanasema wamesikia, lakini ulimi wao haujasahau.

Je, Chepngeno alimwacha? Wengi mlitaka kujua hilo zaidi ya yote. Hakumwacha. Ila walikaa muda mrefu wakizungumza mambo ya chumvi na kuni tu. Jioni moja Robert alimuuliza, nami nikiwa nimekwenda kuomba moto, hakujali kwamba nipo.

"Mama Tecla, umenisamehe?"

Chepngeno alikuwa anasaga mkaa ndani ya kibuyu kipya, kimoja cha vile alivyonunuliwa. Hakuacha kusaga.

"Nimekusamehe zamani. Hiyo ni ya nyumba," akasema. "Lakini stoo ni ya kazi. Ufunguo nitakaa nao mimi."

Robert akasema ndiyo. Akaenda kuwafunga ng'ombe.

Funzo

Vijana wa Biashara, mtafundishwa kwamba mtaji ni pesa, ardhi na vyombo, na ni kweli. Lakini ukitaka kujua ni mtaji gani ulio mgumu kupata tena, muulize Chepngeno. Ng'ombe hutibiwa, vibuyu hununuliwa. Jina jema hujengwa na watu wengi wanaoridhika, mmoja mmoja, na linaweza kubomolewa na kikombe kimoja.

Bidhaa uliyokwisha kumwahidi mtu si yako tena, hata kama bado iko kwenye ubao wako. Kuthubutu kwa kutumia ahadi ya mwenzako si ujasiriamali, ni wizi wa kistaarabu. Ukiona huwezi kutimiza oda, mwambie mteja huwezi. Atanung'unika, ataenda kwingine, na mwaka ujao atarudi kwa yule aliyemwambia ukweli. Nanyi wazazi wenzangu, mume anayesaidia kazi ya mke wake, au mke anayesaidia ya mume, hana sababu ya kuona haya, na sisi wa kando tuchunge ndimi zetu tunapocheka.

La mwisho ni hili, na si la wafanyabiashara peke yao. Kosa hukua likifichwa, na aliyelificha hujikuta analindwa na wale wale aliowaumiza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kuomba msamaha kwa ajili yako.